Gorogoro ya Mama Shiro

Mimi sikuzaliwa mpole, na hapa Giakanja hakuna asiyelijua hilo. Wakiniona nikifunga lesso kiunoni, watoto wa jirani huingia ndani wenyewe. Kwa hivyo kukasirika kwangu si habari. Mimi hukasirika kila siku, jioni hupita, asubuhi nakamua ng'ombe kama wengine. Lakini hasira ya mambo aliyofanyiwa Beth ilinikaa kifuani wiki baada ya wiki, na hata leo sijaimeza yote.

Beth ni jirani yangu. Shamba lake na langu yametenganishwa na ua tu, na kwenye ua kuna pengo tulilolitoboa wenyewe kwa kupitapita. Sisi humwita Mama Shiro, kwa jina la binti yake wa kwanza. Ni mwanamke mfupi, wa maneno machache, na akicheka hufunika mdomo. Usichana wake aliumalizia mjini Nyeri, akifanya kazi ya jikoni kwa Madhuben, mama mmoja Mhindi ambaye mume wake alikuwa na duka la vitambaa. Kwa Madhuben watu walikaanga vitu asubuhi mpaka jioni, na mikebe ya mafuta ya kupikia, ile mikubwa ya kilo mbili, ilirundikana nyuma ya nyumba. Beth alipoacha kazi aolewe na Gathogo, Madhuben alimpa sufuria, kitambaa cha nguo na mkebe mmoja uliooshwa ukang'aa. Sufuria ilishatoboka. Kitambaa kiliisha. Mkebe upo.

Huo mkebe ndio sisi tunaita gorogoro. Kila nyumba ina wake, na soko lote la huku huuza mahindi na maharagwe kwa gorogoro, si kwa mizani. Lakini ya Beth ndiyo iliyokuwa gorogoro ya kikundi chetu. Kikundi kinaitwa Haba na Haba. Mtu akizaa, akioza binti au akifiwa, tunambebea matega: kila mwanamke anakuja na kiondo mgongoni, ndani yake gorogoro moja ya chochote alichojaliwa, mahindi, njahi zile maharagwe nyeusi, mchele, sukari. Tukifika, vyote vinapimwa upya na kumiminwa pamoja, na mpimaji alikuwa Beth. Anajaza mkebe, anaupigapiga ubavuni, kisha anaongeza mpaka juu kunakuwa na kilima na punje zinaanza kujibingirishia chini. Hajawahi kufuta kile kilima kwa kijiti kama wale wachuuzi wa soko. Zile punje zinazoanguka kwenye turubai anaziokota, na zenyewe anakupa. Nimemwona akipima hivyo tangu tukiwa mabibi harusi, na sijasikia mtu akinung'unika.

Sasa ngoja niwaambie walivyomlipa.

Mwenyekiti wetu ni Mama Ndungu. Sina ugomvi naye wa zamani, nisisingiziwe. Ni mchapakazi, na alipochaguliwa hata mimi niliinua mkono. Ila ni mtu ambaye akishika jambo hashikiki. Mwaka huu wakati wa baridi alinunua maharagwe sokoni, akafika nyumbani akaona ni kidogo, akarudi akaugeuza mkebe wa yule mchuuzi, na kumbe kitako kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani. Mchezo wa kale huo. Lakini Mama Ndungu alirudi kama mtu aliyeonyeshwa njama ya dunia nzima. Akanunua mizani ya betri, ile ndogo ya kuning'iniza, akatuambia kuanzia sasa matega yatapimwa kwa kilo.

"Mkebe ulikuja na mafuta kilo mbili," alisema. "Kwa hivyo chenye kinaingia hapo ndani lazima kiwe kilo mbili. Kisipofika, mkebe umechezewa. Si hata mtoto anajua?"

Tulikubali. Nani angekataa? Mkebe ni ule ule, maandishi ya kilo mbili yalikuwa ubavuni kabla hayajafutika. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona shida hapo.

Siku ya kwanza ya mizani tulikuwa tukienda kwa Mugure, mke kijana aliyejifungua mtoto wa kiume kwa kupasuliwa. Bado alikuwa akitembea ameinama. Watu wa kwao walikuwepo, watu wa mumewe walikuwepo, boma limejaa. Tulipeleka nafaka sisi sote, maana ndivyo tulivyozoea. Beth peke yake alifikiri mbele. Alijiuliza huyu msichana na kidonda chake atamtuma nani kinu cha kusagia, na mume wake analala kazini. Akachukua gorogoro moja ya wimbi, akateremka nayo mpaka kinuni, akasimama kwenye foleni, akasaga. Alipofika nyumbani akajaza unga kwenye mkebe wake, kilima juu kama kawaida, akaufunga kwa kitambaa safi. Uji wa mzazi, tayari kukorogwa.

Mama Ndungu alikuwa ametundika mizani kwenye boriti ya jiko. Mahindi yangu yalimwagwa kwenye mfuko, yakatundikwa: kilo mbili. Njahi za mwingine: kilo mbili na kitu. Mchele, hivyo hivyo. Halafu unga wa Beth. Mama Ndungu alitazama, akagonga mizani kwa kidole, akatundika tena.

"Kilo moja na robo," alisema.

Watu wakasogea kuutazama ule mfuko.

"Nilijaza," Beth alisema.

"Mama Shiro, mizani haina undugu na mtu. Lete mkebe."

Akaupokea, akaugeuza mbele ya watu wote. Basi nyinyi fikirieni. Mkebe uliotumika tangu kwa Madhuben, uliochemshiwa maji ya chai kwenye matanga sufuria zilipokosekana, uliopigwa teke na ng'ombe. Kitako chake kitakuwa sawa kweli? Kilikuwa kimebonyea kidogo, kiasi cha kuweka yai. Mama Ndungu alipitisha kidole hapo polepole ili kila mmoja aone.

"Na huyu ndiye hutupimia," alisema. "Miaka hii yote."

Kuna mtu nyuma alicheka. Namjua, na anajua kwamba namjua.

Mimi nilimwambia Mama Ndungu afunge mdomo. Nilimwambia na mengine ambayo hayafai kusemwa penye kichanga, mpaka mama mkwe wa Mugure akaniomba nitoke nje. Beth aliufunga mkebe kwenye kile kitambaa, akamwangalia mtoto, akaweka kidole kwenye kiganja chake jinsi tunavyofanya, akaenda zake bila kunywa chai. Kutoka hapo mpaka kwake ni kilima kimoja kirefu, na hakuna aliyemsindikiza kwa sababu mimi nilikuwa bado nimeshikwa nje langoni nikielezwa adabu.

Nilimkuta kwake jikoni. Alikuwa ameulaza mkebe kwenye gogo, anakigonga kile kitako kwa jiwe kutoka ndani ili kinyooke. Ananyoosha, anatia mkono, anapima, anagonga tena.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Wangechi, kuna kitu nataka kukuonyesha."

Akatoa mfuko wa nailoni nyuma ya kabati. Ndani kulikuwa na unga wa wimbi.

"Huu ulibaki," akasema. "Nilipeleka kinuni gorogoro moja. Niliporudi nikajaza mkebe, unga ukabaki. Nikasema ni baraka, nikauweka Gathogo akorogewe uji. Sasa nafikiria. Labda mizani ilisema ukweli. Labda huu ndio unaopungua, na mimi niliiba bila kujua. Na kama huu mkebe ni mbaya, basi wale wote niliowapimia..."

Na hapo ndipo hasira yangu ilipogeuka ikawa kitu kingine, maana kumwita mtu mwizi ni jambo moja, lakini kumfanya mtu mwema akae jikoni kwake ajichunguze kama mwizi, huo ni unyama. Nilitaka kumweleza kwa nini si kweli. Nilishindwa. Mimi nilikuwa najua moyo wake, sikujua mambo ya unga. Nikamwambia tu, "Pika uji, mnywe. Hujaiba."

"Siwezi kuugusa," akasema, akaurudisha nyuma ya kabati.

Sasa mnielewe vizuri kwa nini jambo hili halikuwa la unga tu. Shiro, huyo binti yake anayesuka watu nywele Nanyuki, alikuwa amepata mchumba, kijana anaitwa Gicheru wa upande wa Mukurweini, na ruracio ilikuwa imepangwa. Wazee wa kijana wanakuja kuleta mahari na kula. Siku hiyo wanawake wa kwenu ndio ukuta wa msichana. Wasipotokea na viondo vyao, wakwe wanaangalia boma, wanaona mama na baba na jirani mmoja mwenye mdomo, wanajua msichana huyu hana watu. Na msichana asiye na watu huolewa hivyo hivyo na kuishi hivyo hivyo. Shiro alipiga simu kila jioni: "Mami, wamesema watakuja?" Na Beth alijibu kila jioni, "Bado."

Hawakuwa wamesema. Hakuna aliyemtukana tena, hapana, watu wa kwetu hawana ujasiri huo. Walikuwa tu na haraka wakikutana naye. Mama yake Wamae, jirani yetu mwingine, alipokufa, tulienda na matega, na gorogoro ya kupimia ikatolewa ya mtu mwingine. Beth alikaa karibu na moto akimenya viazi. Nilimwona akiinua macho kila nafaka zilipomiminwa, mkono wake ukijifunga na kujifungua.

Halafu jioni moja, Gathogo akiwa kwa ng'ombe, mimi nimepita kuazima chujio, mlango ukagongwa. Mama Ndungu. Alikuwa na mfuko wa sukari. Aliponiona aligeuka kidogo kama mtu aliyekosea nyumba, kisha akaingia.

Alikaa kwenye kigoda, akaweka sukari chini, akazungumza akiangalia moto. Alisema panya walikuwa wanamsumbua. Alikuwa na pakiti ya unga wa ugali ya dukani, kilo mbili, hata haijafunguliwa, akaona aumimine kwenye gorogoro yake afunike kwa sahani. Ukajaa. Na kwenye pakiti unga bado umebaki mwingi. Akadhani mkebe wake nao una shida, akaugeuza, kitako kimenyooka kabisa. Akaleta mizani. Akapima ule uliojaa mkebeni.

"Kilo moja na robo," akasema. "Kama yako."

Ng'ombe alisikika nje akijikuna kwenye nguzo.

"Unga ni mwepesi," Mama Ndungu akaendelea. "Ukisagwa unavimba. Mafuta yamejikaza, unga una hewa. Mama Shiro, nimekuja kusema pole. Nilikosea."

Aki ya nani, mimi nilikuwa karibu kumhurumia. Lakini kuna kitu kilinichoma.

"Hao panya walikusumbua lini?" nikamuuliza.

Akaanza kuukunja mdomo wa mfuko wa sukari.

"Mama Ndungu. Lini?"

"Kabla ya mazishi ya mama yake Wamae," akasema.

Kabla. Yaani siku ile alipotoa mkebe wa mtu mwingine mbele ya macho ya Beth, alikuwa anajua. Aliongoza maombi anajua. Alikula viazi vilivyomenywa na Beth anajua. Nilisimama, na sijui ningefanya nini na lile chujio, lakini Beth alinishika mkono akanikalisha kama mtoto.

"Kwa nini umekuja jioni?" Beth akamuuliza Mama Ndungu.

"Niseme vipi mbele ya watu? Mimi ni mwenyekiti. Nikisema sikujua hata uzito wa unga, nani atanisikiliza tena? Si tuyamalize hapa, sisi wamama watatu."

Beth alichukua ule mfuko wa sukari, akamrudishia mapajani. Sijawahi kumwona hivyo. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Tusi ulinipimia la kilima," akasema, "mpaka likamwagika, watu wakaokota wakaenda nalo nyumbani. Pole unanipimia ya kufuta, kwa kijiti. Hapana. Kama una pole, ipime kwa mkebe ule ule, mahali penye watu. Kama huna, rudi na sukari yako, tutakunywa chai chungu."

Mama Ndungu aliondoka na sukari yake.

Mimi nilitaka tuizunguke Giakanja nzima usiku huo huo, nyumba kwa nyumba, nikiwaambia. Beth alinikataza. Alisema jina lake likirudishwa na mdomo wangu, watu watasema ni mdomo wa Wangechi. Nilikasirika naye pia kwa kusema hivyo, hasa kwa sababu ni kweli.

Siku ya ruracio ilifika na ukungu wake. Gathogo alivaa koti la harusi yake. Wakwe walifika mapema na kuku, mbuzi na wazee wa kofia, wakasimama langoni wakiimbiwa na nani? Na mimi, Shiro, na shangazi wawili wa mbali wasiojua maneno. Niliimba mpaka koo likaniwasha. Nilimwona mama yake Gicheru akichungulia nyuma yetu, akitafuta wale wengine. Shiro aliendelea kutabasamu, lakini mikono yake ilikuwa ikisokota ncha ya lesso mpaka ikawa kamba.

Beth alikuwa ameiweka gorogoro yake mezani karibu na lango. Tupu. Niliiona asubuhi nikamuuliza ya nini. "Ni ya matega," alisema.

Wageni walishakaa ndipo tukasikia wimbo ukipanda mteremko. Wanawake wa Haba na Haba, wote, viondo migongoni, kamba kwenye paji la uso. Sijui nani aliwaita wala walijadiliana nini, na sikuuliza. Mama Ndungu alikuwa mbele. Alifika kwenye ile meza na wimbo ukakatika, maana yeye ndiye aliyekuwa akiuanzisha. Watu wa Mukurweini wote waligeuka kutazama.

Mama Ndungu alitua kiondo. Akatoa pakiti ya unga, mpya, akaiinua juu watu wasome: kilo mbili. Akaipasua kwa meno. Akamimina ndani ya mkebe wa Beth mpaka kilima kikasimama, mpaka unga ukamwagika mezani, na bado pakiti mkononi mwake ilikuwa nzito. Aliitikisa isikike.

"Nilimwita Mama Shiro mwizi," alisema. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Penye watu. Kwa kilo moja na robo. Mkebe wake ni mzima. Mimi ndiye sikujua, na nilipojua nikanyamaza. Sitaki kupima tena. Apime yeye."

Alikuwa amesema. Na yule aliyecheka siku ile aliangalia viatu vyake, nilihakikisha anajua kwamba namwona. Wanawake walianza kusogea na viondo, wakimwangalia Beth ashike mkebe.

Beth hakuushika.

"Leo mimi ni mama wa bibi harusi," alisema. "Sipimi. Na kesho pia tafuteni mwingine. Kila mtu amimine alichobeba, mimi nimeshawaamini."

Nawaambia hilo lilikuwa zito kuliko kelele zangu zote. Wanawake walimimina mmoja mmoja kwenye magunia, bila kilima wala kufuta, na hakuna aliyethubutu kuangalia kiondo cha mwenzake. Ule mkebe ulibaki pale na unga wake. Miaka yote hiyo mikono ile miwili ilikuwa imetupimia kwa haki, na sasa hatunayo. Tuliipoteza kwa mdomo. Mpaka leo kikundi kinapimiana kwa kubishana.

Kisha ukaja uji wa kupokea wageni. Nilikuwa jikoni nikimsaidia, nikamwona akienda nyuma ya kabati akautoa ule mfuko wa nailoni. Unga wa wimbi uliobaki, ule alioshindwa kuugusa. Akaukoroga wote. Akatoka na birika la uji na kikombe kimoja kikubwa cha bati, akawapita wazee, akawapita wakwe, akafika mbele ya Mama Ndungu, akamkabidhi kikombe kitupu akishike kwa mikono miwili. Halafu akamiminia. Alimimina taratibu mpaka uji ukafika ukingoni, akaongeza kidogo, mpaka ukavimba juu ya ukingo na bado haujamwagika.

Mama Ndungu hakuweza kukisogeza wala kukiweka chini. Beth alisimama hapo na birika lake akingoja, na sisi wote tukangoja. Mwishowe mwenyekiti wetu aliinama, mgongo wote, mbele ya watu wa pande zote mbili, akapeleka mdomo kwenye kikombe, akaanza kunywa.